Yunani ilikuja kwa jahazi, Roma kwa meli ya moshi: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea, na swali lako nimelisoma mara mbili. Umeniambia mlibishana kazini: mmoja akashikilia kwamba Ugiriki ya kale ndiyo mama wa kila kitu na Roma iliiga tu, mwingine akasema Wagiriki walikuwa watu wa maneno, Warumi ndio waliofanya kazi. Nawe ukaniuliza, “Baba, ukilazimishwa kuchagua, nani kati yao amebaki nasi zaidi?”

Nakujibu kwanza, halafu nieleze. Kwa wingi wa vitu unavyovigusa tangu asubuhi hadi usiku, Roma imeshinda, tena kwa mbali. Kwa kitu ambacho pengine dunia isingekipata bila wao, ni Wagiriki. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna letu la kuongeza: wawili hawa hawakutufikia kwa njia moja wala kwa wakati mmoja. Mengi ya Kigiriki yalikuja kwa jahazi, yamevaa Kiarabu, karne nyingi kabla ya ukoloni. Mengi ya Kirumi yalikuja kwa meli ya moshi, pamoja na misheni, mahakama na ofisi za serikali.

Ushahidi uko kwenye jina lenyewe. Kiswahili kina Yunani na kina Ugiriki. Yunani tumelipata kwa Waarabu, nalo linatokana na Waionia, Wagiriki wa pwani ya Uturuki ya leo, ambao watu wa mashariki waliwafahamu mapema. Ugiriki limetoka kwa Warumi, waliowaita Graeci, likapita Ulaya ndipo likatufikia. Wenyewe hujiita Wahelene. Roma nayo ina majina mawili: Roma ya vitabu vya shule, na Rumi ya Waarabu, ambayo mara nyingi ilikuwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji wa Warumi waliozungumza Kigiriki. Kwa hiyo anayekwambia uchague mmoja anakutaka utenganishe unga na maji baada ya kukanda. Inawezekana kwa sehemu tu, na ndiyo sehemu hiyo nitakayojaribu.

Kwanza uache kabisa ule usemi kwamba Wagiriki walifikiri na Warumi wakajenga. Katika kisiwa cha Samos, karne ya 6 KK, Eupalinos wa Megara alitoboa mlima mita 1,036 ili kupitisha maji ya mji, na alianza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hatari ya kazi hiyo ni kupishana: ukikosea pembe kidogo tu, vikosi viwili vinapita sambamba ndani ya mwamba, kila kimoja kinachimba mpaka kitokee upande wa pili bila kuonana. Walipokaribia katikati, njia ilipindwa makusudi ikatize mbele ya ile ya wenzao, maana mistari sambamba haikutani kamwe bali inayokatizana haina budi kukutana. Ilikutana, na tofauti ya kimo ilikuwa chini ya mita moja. Tena ipo mashine ya shaba iliyopatikana mwaka 1901 katika meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera: vipande vyake vina magurudumu 30 ya meno yaliyosalia, na ilionyesha mwendo wa jua na mwezi na kukadiria kupatwa kwake. Hiyo ni kazi ya fundi hodari, na ni ya Kigiriki.

Sasa tazama barua hii unayoisoma. Herufi zake ni za Kirumi, lakini irabu zake ni zawadi ya Wagiriki. Wafoinike wa pwani ya Lebanoni walikuwa na herufi 22, zote za konsonanti. Wagiriki walipozichukua, kufikia karne ya 8 KK, walikuta baadhi zinawakilisha sauti za kooni ambazo wao hawakuwa nazo. Badala ya kuzitupa, wakazipa kazi mpya: alefu ikawa A, he ikawa E, ayini ikawa O, na zile nusu-irabu, yodi ikawa I, wau ikazaa U. Lugha yetu, ambayo kila silabi yake huishia kwenye irabu isipokuwa chache, inawadai shukrani kubwa. Herufi za Kiarabu, ambazo nazo ni za ukoo huohuo wa Kifoinike, zina alama tatu za irabu fupi: fataha, kasra na dhuma. Mwandishi wa zamani wa Lamu au Pate alitumia kasra ileile kwa i na e, na dhuma ileile kwa u na o. “Kuku” na “koko” yaliweza kuandikwa sawa kabisa. Msomaji alipambanua kwa maana ya sentensi.

Warumi walizipokea herufi hizo kupitia kwa Waetruski, majirani zao wa kaskazini, ambao hawakutofautisha k na g. Ndiyo sababu mwanzoni C ilibeba sauti zote mbili. Katika karne ya 3 KK wakaitia C mkia mdogo, ikawa G, wakaiweka nafasi ya saba palipokuwa na Z, ambayo Kilatini hakikuihitaji. Karne ya 1 KK walipotaka kuandika maneno ya Kigiriki kwa usahihi, Z ilirudishwa, lakini kiti chake kilikuwa kimekaliwa, ikawekwa mwisho. Zanzibar inakuja mwishoni mwa kila orodha ya majina ya miji kwa sababu ya uamuzi huo.

Kalenda ni mfano wangu bora wa wawili hawa kufanya kazi pamoja, na pia wa namna kazi inavyoharibika. Mwaka wa kale wa Kirumi ulikuwa na siku 355. Ili usiachane na majira, makuhani waliongeza mwezi wa ziada kila walipoona haja, na baadhi waliuongeza au kuuzuia ili rafiki yao akae madarakani zaidi au adui yake aondoke upesi. Julius Caesar alipoingia kurekebisha, kalenda ilikuwa imepotea kiasi kwamba mwaka 46 KK ilibidi upewe siku 445 ili mambo yalingane. Hesabu ilitoka kwa Sosigenes, mnajimu Mgiriki. Amri ilitoka Roma: siku 365, na kila mwaka wa nne siku moja ya ziada.

Caesar akauawa mwaka 44 KK, na makuhani wakaielewa vibaya amri hiyo. Warumi walipohesabu “kila wa nne” waliuhesabu na ule walioanzia, kwa hiyo wakaongeza siku kila baada ya miaka mitatu. Kwa miaka 36 ziliingia siku 12 badala ya 9. Augustus akasimamisha siku za ziada mpaka kosa likafutika. Julai ni ya Julius, Agosti ni ya Augustus, na Septemba hadi Desemba bado zinasema saba, nane, tisa, kumi kwa Kilatini, ingawa ni miezi ya tisa hadi ya kumi na mbili, kwa kuwa zamani mwaka ulianza Machi. Kosa la mwisho lilikuwa dogo: mwaka huo ulizidi mwaka halisi wa jua kwa dakika 11 hivi. Kufikia 1582 dakika hizo zilikuwa zimejilimbikiza kuwa siku kumi, ndipo Papa Gregori wa 13 akaamuru kesho ya tarehe 4 Oktoba iwe tarehe 15. Ugiriki yenyewe iliichelewesha kalenda hiyo serikalini hadi 1923.

Tuje kwenye demokrasia, maana najua ndipo mlipopandisha sauti. Neno ni la Kigiriki, na jambo lilianza Athene kwa mageuzi ya Kleisthenes, mwaka 508 KK hivi. Lakini ukimrudisha Mwathene wa karne ya 4 KK akaona tunavyochagua wabunge, angesema huo ni utawala wa wachache. Aristotle aliliandika wazi: kugawa vyeo kwa kura ya bahati ni demokrasia, kuchagua kwa uchaguzi ni tabia ya utawala wa wachache, kwa sababu uchaguzi huwapendelea wenye jina na mali. Na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia: “kura” tuliyoipata kwa Waarabu maana yake ya asili ndiyo hiyo ya bahati, kama askari walivyolipigia kura vazi la Yesu.

Acha nikuonyeshe jinsi walivyopata waamuzi wa mahakama, kwa sababu sijaona utaratibu mwingine wa kale uliotengenezwa kwa makini zaidi dhidi ya hongo. Kila mwaka wananchi 6,000 wa kiume, wenye umri wa miaka 30 na zaidi, waliandikishwa. Kila mmoja alikuwa na kibao kidogo chenye jina lake, la baba yake na la mtaa wake, pamoja na herufi moja kati ya kumi za mwanzo za alfabeti. Alfajiri ya siku ya kesi, watu wa kila kabila katika makabila kumi walitia vibao vyao katika masanduku kumi kwa kufuata herufi. Vibao vilitikiswa, kimoja kikachomolewa, na mwenye kibao hicho ndiye aliyevipachika vingine kwenye mashine ya jiwe iitwayo kleroterion. Jiwe hilo lilikuwa na safu wima tano za vijishimo, na pembeni lilikuwa na mrija wa kudondoshea dadu nyeupe na nyeusi zilizochanganywa. Dadu nyeupe ikitoka, watu watano wa mstari mzima wanaingia; nyeusi ikitoka, watano wale wanarudi nyumbani.

Hapo bado hawajui watakaa mahakama gani. Kila aliyepita alichota kokwa lenye herufi ya mahakama, akapewa fimbo yenye rangi sawa na ya kizingiti cha juu cha mlango wa mahakama hiyo, asije akajipenyeza kwa rafiki yake. Baraza la waamuzi lilikuwa la watu 201 kwa kesi ndogo, 501 au zaidi kwa kubwa. Muda wa kusema ulipimwa kwa chungu cha maji chenye tundu. Wakati wa kuamua, kila mmoja alikuwa na visahani viwili vya shaba vyenye kijiti katikati, kimoja cha tundu kwa mshtaki, kingine kisicho na tundu kwa mshtakiwa, na alivishika kwa dole gumba na kidole ncha zikiwa zimefunikwa, jirani asione. Malipo yalikuwa oboli tatu, sarafu ndogo za fedha, kwa siku.

Utaratibu huo ulizuia kuhonga. Haukuzuia hasira ya umati. Mwaka 406 KK mkutano wa wananchi uliwahukumu kifo majemadari wa vita vya baharini vya Arginusai kwa pamoja, kwa kura moja, kinyume cha sheria yao wenyewe, kisha wakajuta. Mwaka 399 KK baraza la waamuzi lilimhukumu Sokrate. Na wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa kabisa.

Roma ilikwenda njia nyingine. Katika mkutano wake mkuu wa kuchagua makonsuli, yaani viongozi wakuu wa dola, mtu hakuhesabiwa peke yake bali kundi lake, na makundi yalikuwa 193. Kwa mpango wa zamani unaoelezwa na wanahistoria wao, wapanda farasi walikuwa na makundi 18 na tabaka la kwanza la matajiri 80. Jumla 98. Wakikubaliana, uamuzi umekwisha kabla maskini hawajaitwa. Lakini ni Roma iliyotuachia vitu tunavyovitegemea leo serikalini: madaraka ya mwaka mmoja, viongozi wawili wanaozuiana, turufu ya “nakataza” (veto, neno la Kilatini), na seneti, inayotokana na senex, yaani mzee. Waliounda katiba ya Marekani mwaka 1787 waliihofia Athene na kuisoma Roma. Kwa hiyo jina tumechukua Athene, chombo tumechukua zaidi Roma. Hili waambie wenzako kwa uhakika.

Na uraia pia. Mwaka 451 KK Athene iliubana: raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathene. Roma iliupanua. Mtumwa aliyeachwa huru kihalali na raia aliweza kuwa raia, na mwaka 212 BK mfalme Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Baba yake, Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo. Athene isingempa mgeni wa namna hiyo hata kiti mahakamani.

Sasa sheria, na hapa ndipo ninapokataa kabisa neno “waliiga”. Wagiriki walikuwa na sheria na mawakili wa maneno, lakini hawakuwa na wanasheria wa kazi, watu waliokaa vizazi kadhaa wakichambua kesi moja baada ya nyingine. Hao ni wa Roma. Chukua kesi moja ya kinyozi iliyomo kwenye Digesta, mkusanyiko wa maandishi ya wanasheria wa Kirumi. Watu wanacheza mpira. Mmoja anaupiga kwa nguvu, unagonga mkono wa kinyozi aliyekuwa akimnyoa mtumwa, wembe unakata koo. Nani alipe chini ya Lex Aquilia, sheria ya karne ya 3 KK kuhusu madhara? Wanasheria watatu wanajibu. Mela anasema ni yule mwenye kosa kati yao. Proculus anasema ni kinyozi. Ulpian anaongeza: ikiwa kinyozi alinyolea mahali ambapo watu huzoea kucheza au njia yenye pilikapilika, kweli ana lawama, lakini si vibaya kusema pia kwamba aliyejikabidhi kwa kinyozi mwenye kiti mahali pa hatari ajilaumu mwenyewe. Angalia swali lilivyosogea: kutoka nani alishika wembe, hadi nani alipaswa kuiona hatari mapema, hadi mchango wa aliyeumia. Wakili wa leo anayeshughulikia kesi ya ajali ya barabarani anapita hatua hizohizo.

Na usipite haraka juu ya neno “mtumwa”. Kesi ile ni ya fidia kwa mwenye mali. Sheria ilimhesabu mtu aliyechinjwa pamoja na mifugo. Athene nayo ilichimba fedha yake ya Laurion kwa watumwa, na Aristotle aliandika kwamba wengine wamezaliwa kwa utumwa. Hoja hizo, za huyu na za yule, zilitumiwa tena na wenye watumwa wa Amerika na wa Rasi ya Tumaini Jema. Huo nao ni urithi, na ni wa wote wawili.

Digesta yenyewe ilikusanywa kwa amri ya Justinian, mfalme wa Roma ya mashariki, na kutolewa Desemba 533, vitabu 50, chini ya mwanasheria wake Tribonian. Ilikusanywa Konstantinopoli, kwa Kilatini, katika mji uliozungumza Kigiriki, na sheria mpya za Justinian baada ya hapo ziliandikwa nyingi kwa Kigiriki. Huko magharibi Digesta ilisahaulika karibu kabisa, mpaka walimu wa Bologna walipoanza kuifundisha mwishoni mwa karne ya 11. Kutoka hapo iliingia katika sheria za Ufaransa za mwaka 1804, zikaenda Ubelgiji, na Wabelgiji wakazipeleka Kongo, Rwanda na Burundi. Tawi la Kiholanzi lilifika Afrika Kusini na likasambaa hadi Zimbabwe, Namibia, Botswana na Lesotho. Kenya, Uganda na Tanzania tulipata sheria ya Kiingereza, ambayo ilijengeka kwa namna yake. Kwetu Roma imebaki zaidi katika misemo ya mahakamani kama res judicata na locus standi. Mwanasheria wa Bujumbura yuko karibu na Ulpian kuliko wa Dar es Salaam.

Kuhusu ujenzi nitasema moja tu, saruji. Chokaa ya pwani yetu, ile ya matumbawe yaliyochomwa, hukauka kwa kunywa hewa ya kaboni. Ndani ya ukuta mnene huchukua miaka, na chini ya maji haishiki. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Silika iliyomo kwenye majivu hushikamana na chokaa kwa msaada wa maji yenyewe, hivyo inaganda hata baharini. Vitruvius, msanifu majengo Mrumi, ametoa vipimo: chokaa 1 kwa mchanga wa shimoni 3, kwa kazi za baharini, chokaa 1 kwa majivu 2. Kuba la Pantheon, hekalu la mjini Roma la wakati wa mfalme Hadrian, lina kipenyo cha mita 43.3 bila nondo hata moja. Limesimama kwa sababu chini walitumia kokoto nzito na juu jiwe jepesi linaloelea majini, na unene ukapungua kutoka mita 6 hivi hadi kama 1.2 kwenye tundu la katikati. Saruji ya pozolana inayouzwa leo Kenya na Tanzania imebeba jina la mji ule. Lakini usidhani ni uzi mmoja usiokatika: ufundi huo ulififia Ulaya baada ya dola ya magharibi kuanguka, na ilibidi wahandisi wa karne ya 18 waujifunze upya.

Nimekiacha cha Wagiriki mwisho kwa sababu ndicho ninachokipenda zaidi. Wababeli walijua pembetatu ya 3, 4, 5 zaidi ya miaka elfu kabla ya Pythagoras. Wachina walikuwa na dola, barabara, kalenda na sheria bila kumwuliza Mrumi. Ila kukataa kukubali jambo la hesabu, hata kama limepimwa mara mia likawa kweli, mpaka lionekane haliwezi kuwa vinginevyo, na kulipanga lote juu ya misingi michache iliyotajwa wazi, hilo ni la Wagiriki. Euclid wa Aleksandria, karibu 300 KK, alianza na maombi matano, yaani kauli alizoomba zikubaliwe bila kuthibitishwa. Chukua namba tasa. Ukiniambia orodha yako imekamilika, ninazizidisha zote pamoja na kuongeza moja; namba ninayopata haigawanyiki kwa yoyote uliyonayo bila kubaki moja; basi ipo namba tasa nje ya orodha yako. Hakuna kipimo wala ushahidi mwingine unaohitajika, leo wala kesho.

Nguvu hiyo ikitumiwa duniani, tazama: Eratosthenes, aliyezaliwa Kirene katika Afrika ya kaskazini, alijua kwamba siku iliyo ndefu kuliko zote mwakani jua la adhuhuri halitoi kivuli huko Syene, Aswan ya leo. Aleksandria kivuli kilionyesha pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji ni stadia 5,000, kwa kipimo cha Kigiriki cha umbali. Zidisha kwa 50: mzingo wa dunia ni stadia 250,000. Fimbo, kivuli na Euclid.

Haya ndiyo yaliyopanda jahazi. Baghdad, karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq alikusanya nakala kadhaa za kila kitabu cha Kigiriki, akazilinganisha apate maneno sahihi, ndipo akatafsiri kwa maana ya sentensi wala si neno kwa neno. Aliorodhesha vitabu 129 vya Galen, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma. Ukisema una balghamu kifuani, unatamka phlegma ya Wagiriki, mojawapo ya majimaji manne pamoja na damu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Kalamu ni kalamos, karatasi ni khartes, falsafa ni philosophia, almasi ni adamas. Roma nayo ilipenyeza machache kwa njia hiyohiyo: sabuni ni sapo, dinari ni denarius, kasri ni castrum. Na si kila kilichofika kilikuwa na heri. Galen alipasua nyani na nguruwe, si watu, akaamini damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo. Kosa hilo lilidumu hadi matabibu Vesalius mwaka 1543 na Harvey mwaka 1628, na kuumika na kutoa damu kuliendelea hata baada yao.

Ukitaka kumwona Mgiriki na Mrumi wamekaa meza moja wakitutaja sisi, kipo kitabu kidogo cha mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na ya Hindi, cha karne ya 1 BK. Mwandishi ni mfanyabiashara wa Misri, nchi iliyokuwa chini ya Roma, na ameandika kwa Kigiriki. Anashuka pwani yetu, anayoiita Azania, hadi soko la mwisho, Rhapta, jina analosema limetokana na mashua za kushonwa, za ukoo wa mtepe wetu. Anasema manahodha Waarabu wameoa huko na wanajua lugha ya wenyeji. Bidhaa zinazoingia ni mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Zinazotoka ni pembe za ndovu nyingi, pembe za faru na magamba ya kasa.

Wasalimie wenzako mliobishana nao, na unijulishe walivyosema.

Baba yako